Panya wa Kisanga na Dawa ya Malaria

Mtu wa Lubumbashi ukimtajia Kasapa, atawaza chuo kikuu au gereza. Mtafiti wa malaria aliye mbali, Ulaya au Marekani, naye amezoea kuiandika Kasapa katika daftari lake karibu kila siku, ingawa wengi wao hawajui kwamba wanaandika jina la mahali. Wao huandika herufi nne tu, ANKA. Ndilo jina la ukoo wa kimelea wanachokifuga ndani ya panya weupe wa maabara. AN ni Antwerpen, mji wa Ubelgiji. KA ni Kasapa yetu.

Kisa chenyewe ni cha zamani kuliko hilo jina. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, mtaalamu wa malaria Mbelgiji, Ignace Vincke, alikuwa akikamata mbu kwenye misitu myembamba inayofuata vijito vya nyanda za juu za Katanga. Katika tezi za mate za mbu mmoja, Anopheles dureni, alikuta vimelea vya malaria. Lakini mbu huyo hana kawaida ya kufuata watu, na damu aliyoishiba ilikuwa ya wanyama jamii ya panya. Vincke akaanza kumtafuta mwenye damu. Alimpata mwaka 1948, yeye na mwenzake Marcel Lips: panya wa mitini, Grammomys surdaster, aliyenaswa Kisanga, wakati huo nje kabisa ya Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Kimelea hicho wakakiita Plasmodium berghei, kwa heshima ya mwanasayansi Louis van den Berghe. Ukoo wa ANKA ulikuja baadaye, katikati ya miaka ya 1960, kutokana na mbu wa Kasapa.

Sasa mtu atauliza, na ana haki: malaria ya panya inatuhusu nini sisi tunaolala na watoto wenye homa?

Inatuhusu kwa sababu kimelea kinachoua watoto wetu, Plasmodium falciparum, hakikai ndani ya panya wa kawaida. Huwezi kumpa mtu unga usioujua ukasubiri uone kama atapona au atakufa. Lazima apatikane mnyama wa kutangulia. Kabla ya panya wa Kisanga, waliotangulia walikuwa ndege. Klorokwini, iliyotengenezwa mwaka 1934 na Hans Andersag wa kampuni ya Bayer, ilijulikana nguvu yake kwa ndege. Katika Vita Kuu ya Pili Wamarekani walipima maelfu ya kemikali kwa kuku, bata na chiriku. Lakini ndege yuko mbali na sisi: chembe yake nyekundu ya damu ina kiini, yetu haina, na kimelea chake hakianzii kwenye chembe za ini kama chetu kinavyofanya. Panya ni ndugu wa karibu zaidi, hula kidogo, na huzaa haraka. Mtu anayetafuta dawa angetaka nini tena?

Ila kulikuwa na kikwazo, na hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote katika kisa hiki. Kumtia panya ugonjwa kwa sindano, kutoka damu hadi damu, kulikuwa rahisi. Kuupitisha kwa mbu kulishindikana kwa zaidi ya miaka 15. Maabara ziliwafuga mbu katika joto, kama inavyofaa kwa malaria ya binadamu, na kimelea kikawa kinafia tumboni mwa mbu. Aliyefumbua fumbo ni Meir Yoeli wa New York, na alilifumbua kwa kurudi kwenye chimbuko. Misitu ya vijito ya huku iko juu, zaidi ya mita 1,000, na chini ya miti yake kuna ubaridi. Kimelea kilizoea ubaridi huo. Walipowaweka mbu kwenye nyuzi 20 hivi, mzunguko ukakamilika. Mpaka leo, chumba cha mbu wenye berghei, kiwe Uholanzi au Australia, huwekwa kwenye nyuzi 19 hadi 21. Tunaolalamikia baridi ya Juni hapa Lubumbashi tujue kuna watu wanaolipia umeme ili waipate.

Kipimo chenyewe hakina uchawi. Panya hudungwa chembe za damu zenye kimelea, halafu hupewa dawa inayochunguzwa siku nne mfululizo. Siku inayofuata hutolewa tone la damu mkiani, hupakwa kwenye kioo, hutiwa rangi ya Giemsa, na mtu huketi kwenye hadubini akihesabu. Ndiyo kazi ileile anayoifanya mpimaji wa kituo cha afya cha Katuba mtoto akiletwa na homa. Panya waliopewa dawa hulinganishwa na wale wasiopewa.

Kwa njia hiyo, tarehe 4 Oktoba 1971, huko Beijing, kundi la Tu Youyou lilijaribu sampuli namba 191, dondoo ya mmea uliotumika kwa homa katika tiba ya Kichina tangu kale. Kwa panya wenye berghei, vimelea viliisha vyote. Humo ndimo ilimotoka artemisinini, na mwaka 2015 Tu alipewa Tuzo ya Nobel. Vidonge tunavyonunua leo kwa malaria, na artesunate anayochomwa mtoto aliyezidiwa, ni watoto wa sampuli ile. Chanjo nayo ina deni hilohilo: mwaka 1967 Ruth Nussenzweig alionyesha kwamba panya aliyedungwa vimelea vya berghei vilivyodhoofishwa kwa mionzi anapata kinga, na njia hiyo ndiyo iliyofika kwenye chanjo za watoto zinazotolewa sasa Afrika.

Nisimpambe panya kupita kiasi. Yeye si mtoto. Panya wa ANKA hupata ugonjwa wa kichwani unaofanana na degedege la malaria kali, na dawa kadhaa za kusaidia ubongo zimemponya. Zilipopelekwa kwa watoto hospitalini, hazikusaidia. Kwa mtoto, chembe zenye vimelea hunata kwenye mishipa midogo ya ubongo. Kwa panya, chembe nyeupe zinazopigana ndizo zinazochangia sana kuleta madhara. Panya hukuambia dawa ipi haifai kuendelea nayo. Ipi inafaa, huyo hawezi kusema peke yake.

Hata hivyo bado tunamhitaji, tena kwa haraka. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 malaria iliwapata watu milioni 263 na kuua 597,000. Katika kila vifo tisa hivi, kimoja kilikuwa cha Kongo. Nigeria peke yake ndiyo iliyotuzidi. Na dawa tuliyonayo imeanza kuchoka. Huko Rwanda, Uganda na Kagera ya Tanzania kumethibitishwa vimelea vyenye mabadiliko ya jeni iitwayo kelch13, yanayochelewesha artemisinini kuvisafisha. Mgonjwa bado anapona, kwa kuwa ndani ya kidonge kuna dawa ya pili inayomalizia kazi. Siku dawa hiyo ya pili nayo itakaposhindwa, hakutakuwa na wa kumalizia.

Tumekwisha kuliona jambo hili. Wazazi wetu walikuwa na Nivaquine, yaani klorokwini, chungu, yenye kuwasha ngozi, na ilitibu. Kisha ikaacha kutibu, polepole, na wengi walizikwa kabla ya wakubwa kukubali kwamba imeacha. Mwaka 2001 Kongo iliiondoa na kuweka Fansidar. Haikupita miaka mingi, 2005 tukahamia artesunate pamoja na amodiakwini. Kimelea kina mwendo wa haraka kuliko wizara. Ndiyo maana siwaelewi wanaosema tusubiri dawa za leo zishindwe kwanza, ndipo zitafutwe nyingine: dawa moja huchukua zaidi ya miaka kumi kutoka maabara hadi dukani.

Ya karibu kabisa kufika inaitwa ganaplacide, ya Novartis na shirika la MMV la Geneva, ikiunganishwa na lumefantrini. Haitoki katika ukoo wa artemisinini, kwa hiyo mabadiliko ya kelch13 si kizuizi kwake. Ilichambuliwa kutoka katika kemikali zaidi ya milioni 2, na mwishoni mwa 2025 matokeo ya majaribio makubwa katika nchi 12 za Afrika yalitangazwa: iliponya asilimia 97.4, dhidi ya 94 ya dawa iliyozoeleka. Kabla mtu wa kwanza hajaimeza, wenyewe waliipima kwanza kwa panya weupe. Kimelea kilichokuwa ndani ya panya hao kilikuwa berghei, mwenyeji wa Kisanga.