Tone la Damu na Degedege

Macho yamepinduka, meno yamebana, mikono na miguu inarukaruka, mwili unawaka moto. Pwani ya Tanzania wazee walisema ndege wa usiku amempitia mtoto, ndiyo asili ya jina degedege, nao walimfukiza kwa moshi wa kinyesi cha tembo ili ndege amwachie. Bunia, mji wa Ituri mashariki mwa Kongo ulioinuka zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari lakini haukuponyoka malaria, mama humfunga mtoto mgongoni na kupanda pikipiki hadi kituo cha afya. Mwili ukishatulia, ana swali moja kwa munganga: litamrudia tena?

Watafiti wanalitafuta jibu katika damu, na wana sababu. Homa inapopanda, chembe za kinga humwaga kemikali za kuitana vitani. Mojawapo, interleukini-1 beta, hufika hadi ubongoni na kuzifanya seli za neva zishtuke upesi. Ubongo wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 bado haujakomaa kuuzuia mshtuko huo. Ulaya na Marekani, watoto 2 hadi 5 katika kila 100 hupata degedege la homa. Kwa kawaida huisha kabla ya dakika 15 bila kuacha kovu, ingawa karibu theluthi moja hurudiwa. Na wazazi wasijilaumu kwamba walichelewa kutoa parasetamoli: dawa hiyo humpa mtoto nafuu ya homa, lakini haijathibitishwa kuzuia degedege lisirudi.

Je, damu ya watoto hawa ina nini? Mara nyingi chumvi ya sodiamu imeshuka kidogo, zinki ni haba, na chembe nyeupe aina ya nyutrofili zimezizidi limfositi. Uwiano huo wa chembe umependwa sana kwa sababu mashine ya kawaida ya kuhesabu damu huutoa bila gharama ya ziada. Lakini kuna kasoro moja inayonisumbua: mara nyingi damu huchukuliwa baada ya mtoto kuanguka, na kuanguka kwenyewe huzitimua chembe nyeupe ziingie kwenye mzunguko. Utajuaje kipi kilitangulia? Tena, wastani wa watoto 100 haumjibu mama kuhusu huyu mmoja aliye mgongoni mwake.

Mfano wa ferritini, protini inayotunza akiba ya madini ya chuma, unafunza zaidi. Tafiti nyingi zimeona upungufu wa chuma ukiandamana na degedege la homa. Basi si tuwape watoto wote chuma? Pemba walijaribu kuwapa watoto wa chini ya miaka 3 chuma na asidi ya foliki kila siku, kwa sababu nyingine kabisa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006: waliopewa walilazwa au kufariki kwa asilimia 12 zaidi ya wenzao, kwa kuwa kisiwa kile wakati huo kilijaa malaria. Sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa. Hata hivyo, katika kikundi kidogo kilichopimwa damu na kutibiwa malaria kwa ukaribu, watoto waliokuwa na upungufu kweli walinufaika. Na ferritini yenyewe hupanda mwili ukiwa na homa, hivyo inaweza kuuficha upungufu siku ileile mtoto anapopimwa.

Bunia kuna alama nyingine yenye uzito zaidi, nayo imo tayari katika TDR, kipimo cha haraka cha malaria. Mstari wa TDR hutokea kwa sababu ya HRP2, protini ambayo kimelea cha malaria huimwaga katika damu. Mstari husema ndiyo au hapana. Kilifi, Kenya, kwenye kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome, waliuliza: kiasi gani? Kazi yao ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba wingi wa HRP2 husaidia kutenganisha malaria ya ubongo na magonjwa mengine yanayompoteza mtoto fahamu huku vimelea vikiwa wapita njia tu. Hilo si jambo dogo. Blantyre, Malawi, uchunguzi wa maiti za watoto 31 waliodhaniwa kufa kwa malaria ya ubongo, uliotolewa mwaka 2004, ulikuta 7 wameuawa na kitu kingine.

Degedege likipita dakika 5, dawa ni diazepamu, na Ituri inajua kwa uchungu kwamba dawa nayo yapaswa kupimwa. Kati ya mwisho wa 2014 na Agosti 2015, zaidi ya watu 1,000 walipindika shingo na nyuso, ikadhaniwa ni meninjitisi. Vidonge vilivyoandikwa diazepamu vilikuwa na haloperidoli, dawa nyingine kabisa.

Kwa mtoto aliyefika kituoni, ningeanza na tone la damu la kidoleni. TDR inataka dakika 15 au zaidi. Glukometa, kipima sukari ya damu, hujibu kwa sekunde chache. Sukari iliyo chini ya milimoli 2.2 kwa lita inaweza yenyewe kuwa chanzo cha degedege, na inatibika papo hapo kwa dekstrozi ya mshipa. Mshipa ukikosekana na mtoto akiwa ameacha kurukaruka, kijiko cha chai cha sukari iliyoloweshwa kwa tone moja au mawili ya maji huwekwa chini ya ulimi wake.