Vazi la bomba: likilowa, chuma kinaliwa

Mfanyakazi mwenzangu wa Omate,

Bomba linalopitisha mvuke au maji ya moto huvikwa sufi ya mawe au sufi ya kioo, kisha juu yake hufungwa bati jembamba. Wengine hudhani ni pambo. Sivyo. Vazi hilo hutunza joto, hulinda chuma na hulinda ngozi yako.

Kwanza, joto. Sufi imejaa hewa iliyotulia, na hewa ya namna hiyo haipitishi joto upesi. Bomba lililovikwa vizuri laweza kuokoa 90 kwa mia ya joto ambalo lingepotea. Hizo ni kuni au mazutu, na mazutu hufika Walikale kwa safari ndefu. Usisahau vali na viungo: vali moja iliyoachwa wazi hupoteza joto kama mita nzima ya bomba tupu. Kule Olkaria, karibu na Naivasha nchini Kenya, mvuke wa ardhini ulianza kutoa umeme mwaka 1981. Mabomba yanayoupeleka mtamboni yamevikwa, ili usipoe njiani na kugeuka maji.

Pili, kutu. Hapa wengi hudanganyika. Bati likitoboka, au mtu akilikanyaga likabonyea, mvua huingia; na huku kwetu msituni mvua haikosi. Sufi hunywa maji na kuyashikilia juu ya chuma chenye moto. Nje unaona bati linang'aa, ndani chuma kinaliwa pole pole. Siku bomba likipasuka, mvuke humpata aliye karibu. Kwa hiyo bomba lipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya kuvikwa. Bati la juu lilalie la chini, kama paa la nyumba, maji yateleze. Sufi iliyolowa ibadilishwe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tatu, ngozi. Chuma chenye digrii 60 huunguza mkono kwa sekunde chache. Bomba la moshi la mashine ya umeme lina moto kupita huo mara nyingi. Usilifunge kwa gunia wala nguo kuukuu: zitawaka.

Iko hatari nyingine, isiyouma siku ile. Mabomba yaliyovikwa zamani, hasa kabla ya miaka ya 1980, huenda yalivikwa amiyanti, ambayo wengine huiita asbesto. Vumbi lake huingia mapafuni na kubaki humo. Mwaka 1960 Daktari Wagner na wenzake walieleza habari za wagonjwa 33 wa saratani ya utando wa mapafu huko Afrika ya Kusini. Karibu wote walikuwa wamekaa au kufanya kazi penye amiyanti. Ugonjwa huo waweza kungoja miaka 20 hata 40. Na mama anayekung'uta nguo zako za kazi hupumua vumbi lile lile.

Basi shika haya:

1. Usibandue vazi la zamani kwa mkono, nyundo wala msumeno. Mwite kapita, kazi isimame mpaka ijulikane ni kitu gani.
2. Usilifagie vumbi lake likiwa kavu, wala usilipulize kwa hewa ya mashine.
3. Kitambaa puani hakizuii amiyanti.
4. Nguo za kazi zisifike nyumbani na vumbi.
5. Ukiona bati limetoboka, au doa la kutu, sema siku hiyo hiyo.

Ukiungua, tia mahali hapo chini ya maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Vua pete na saa kabla hujavimba. Usipake mafuta, chumvi wala dawa ya meno, usitoboe malengelenge. Funika kwa kitambaa safi, uje dispensari mara moja.