Je, Wajua? Bega Linauma, Mkosaji ni Shingo

Je, wajua shingo ina pingili 7 lakini jozi 8 za neva? Jozi ya kwanza hutokeza juu ya pingili ya kwanza, ya nane chini ya pingili ya saba. Baadhi yake hushuka begani hadi vidoleni. Moja ikibanwa shingoni, mtu hulichua bega usiku kucha, bure.

Je, wajua vidole hutoa ushahidi? Ganzi ya kidole gumba huelekeza kwenye neva ya sita. Ya kidole cha kati, neva ya saba, ambayo ndiyo hubanwa mara nyingi zaidi. Ya kidole cha mwisho, neva ya nane. Bega lenyewe likiugua, maumivu kwa kawaida hayavuki kiwiko, wala vidole havifi ganzi.

Msumbufu ni neva ya tano. Haifiki vidoleni. Ikibanwa hudhoofisha msuli wa bega, mkono ukakataa kuinuka, sawasawa na mtu aliyechanika kano za bega. Hapa hata daktari mzoefu hupima mara mbili.

Je, wajua kuweka kiganja utosini humpa nafuu mwenye neva iliyobanwa? Wengine hulala hivyo. Mwenye bega bovu akijaribu, hukunja uso.

Na kipimo cha Spurling, kilichoelezwa mwaka 1944? Daktari huinamisha kichwa upande unaouma, kisha hukikandamiza taratibu. Maumivu yakishuka mkononi kama umeme, shingo imekiri. (Usikifanye nyumbani.)

Je, wajua mkono unaouma ukiinuliwa kwa ubavuni kati ya nyuzi 60 na 120, kisha ukatulia, hushtaki kano za bega? Bega lililoganda ni jingine: hata mwenzio akikuzungushia mkono, haugeuki. Huwapata zaidi wenye kisukari, na laweza kukaa mwaka 1 hadi 3.

Je, wajua picha ya MRI hupotosha? Wengi waliovuka miaka 40 wana diski za shingo zilizochakaa na hawaumwi popote. Picha isiyolingana na dalili haifai kumpeleka mtu kwenye upasuaji. Isitoshe, shingo na bega huweza kuugua pamoja.

Bega la kushoto likiuma huku kifua kimebana na jasho linatoka, huenda ni moyo. Vidole vikishindwa kufunga vifungo, miguu ikayumba au mkojo ukakutoka, uti wa mgongo huenda umebanwa. Nenda hospitali leo hii.