Sufu, Mawe na Njia za Miguu: Kuielewa Uingereza ya Vijijini

Mgeni anayekwenda Uingereza kwa mapumziko mara nyingi humaliza siku zake zote London, akapiga picha mbele ya mnara wa Big Ben na kasri la Buckingham, kisha akarejea kwao akiamini kwamba nchi ameiona. Hata hivyo, sehemu kubwa ya historia ya Waingereza, hasa historia ya namna watu wa kawaida walivyofanya kazi, walivyotajirika na walivyofilisika, imehifadhiwa nje ya mji mkuu, katika miji midogo ya kale na katika mashamba yanayoizunguka. Makala hii inaeleza maeneo manne ya aina hiyo: vilima vya Cotswolds upande wa magharibi, mji wa Lavenham mashariki, jimbo la Yorkshire kaskazini, na eneo la maziwa na milima liitwalo Lake District, kaskazini-magharibi. Maeneo haya yana sura tofauti kabisa, lakini yote yaliumbwa kwa kiasi kikubwa na ufugaji wa kondoo, na mgeni akilijua hilo mapema ataona mengi zaidi ya kuta za kupendeza na maua ya madirishani.

Mali iliyotoka mgongoni mwa kondoo

Katika karne za kati, sufu, yaani manyoya ya kondoo yanayosokotwa kuwa uzi, ndiyo iliyokuwa bidhaa kuu ambayo Uingereza iliiuza nchi za nje. Wafumaji wa Flanders, eneo ambalo sehemu yake kubwa leo iko Ubelgiji, pamoja na wafumaji wa miji ya Italia kama Florence, waliithamini sana sufu hiyo, na wafalme wa Uingereza walipata fedha nyingi za kuendeshea vita kutokana na ushuru uliotozwa kwenye magunia yaliyovuka bahari. Kumbukumbu ya utajiri huo ingali bungeni, kwani tangu karne ya 14 kiongozi wa vikao vya Baraza la Malordi, ambalo ni baraza la juu la Bunge, amekuwa akikalia kiti kilichojazwa sufu.

Vilima vya Cotswolds, vyenye eneo la takriban kilomita za mraba 2,000 na vilivyoenea zaidi katika majimbo ya Gloucestershire na Oxfordshire, vilikuwa miongoni mwa vyanzo mashuhuri vya sufu hiyo. Chini ya malisho yake kuna mawe ya chokaa yaliyojijenga chini ya bahari mamilioni ya miaka iliyopita, na chembechembe za chuma zilizomo katika mawe ya upande wa kaskazini ndizo zinazoyapa rangi ya asali inayovuta macho ya wageni. Kwa kuwa kusafirisha vifaa vya ujenzi kutoka mbali kulikuwa na gharama kubwa, wenyeji walijenga kwa jiwe lililokuwa chini ya miguu yao: kuta za nyumba, kuta za mashamba zilizopangwa bila saruji, na hata vigae vya paa, ambavyo huwekwa vikubwa chini kwenye ukingo na kuendelea kupungua ukubwa kuelekea kileleni. Hii ndiyo sababu kijiji kizima huonekana kama kimechipuka kutoka ardhini.

Katika mji wa Chipping Campden, mgeni anaweza kuisoma historia hiyo akiwa katika barabara moja tu. Ipo nyumba ya William Grevel, mfanyabiashara mkubwa wa sufu aliyefariki mwaka 1401 na kuzikwa katika kanisa la Mtakatifu James mjini humo. Lipo pia jengo la soko lililojengwa mwaka 1627, lenye matao wazi pande zote, ambamo wachuuzi waliuza bidhaa zao wakiwa wamekingwa na mvua. Makanisa kama hilo la Mtakatifu James huitwa makanisa ya sufu, kwa maana kwamba wafanyabiashara wa sufu ndio waliogharamia ukubwa na urembo wake, uliopita kabisa mahitaji ya miji midogo kama hiyo. Katika kanisa la Northleach ushahidi umewekwa wazi sakafuni: mabamba ya shaba juu ya makaburi yanawaonyesha wafanyabiashara hao wamesimama, na miguu yao imekanyaga kondoo au magunia ya sufu. Kijiji cha Bibury nacho kina safu ya nyumba ndogo iitwayo Arlington Row, iliyojengwa katika karne ya 14 kama ghala la sufu na kugeuzwa makazi ya wafumaji katika karne ya 17.

Kutoka Chipping Campden huanza njia ya miguu iitwayo Cotswold Way, yenye urefu wa kilomita 164, ambayo hufuata ukingo wa vilima hadi mji wa Bath. Huko chemchemi ya maji ya moto yenye nyuzi joto zipatazo 46 iliwafanya Warumi wa kale wajenge mabafu ambayo mabaki yake yangali yakitembelewa, na katika karne ya 18 matajiri waliokwenda kujitibu na kustarehe walijengewa mitaa ya mawe ya chokaa, maarufu zaidi ukiwa Royal Crescent, safu ya nyumba 30 zilizopinda kama mwezi mwandamo, iliyojengwa kati ya mwaka 1767 na 1774. Bath iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1987. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mji huu una kumbukumbu nyingine ya karibu zaidi: Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia, baada ya nchi yake kuvamiwa na Italia, aliishi uhamishoni hapo kuanzia mwaka 1936 hadi 1940 katika nyumba iitwayo Fairfield House, ambayo baadaye aliikabidhi kwa mji ili itumike kwa manufaa ya wazee.

Umaskini uliohifadhi uzuri

Swali linalostahili kuulizwa ni kwa nini nyumba za miaka 500 au 600 zilizopita zimebaki katika miji hii, ilhali katika miji mingine zilibomolewa zamani. Jibu linapatikana kwa uwazi zaidi Lavenham, mji mdogo wa jimbo la Suffolk, ambako hakukuwa na mawe mazuri ya kujengea, hivyo nyumba zikajengwa kwa fremu za mbao za mwaloni na nafasi zilizoachwa katikati zikazibwa kwa fito na udongo. Lavenham ilitajirika kwa kufuma kitambaa kizito cha sufu kilichotiwa rangi ya buluu, na mwanzoni mwa karne ya 16 ilihesabiwa miongoni mwa miji 20 iliyolipa kodi kubwa zaidi nchini. Mnara wa kanisa lake, wenye urefu wa takriban mita 43, na ukumbi wa chama cha kidini cha Corpus Christi, uliojengwa karibu na mwaka 1530, ni mazao ya utajiri huo.

Baada ya hapo soko liligeuka. Wakimbizi wa Kiholanzi waliohamia mji wa Colchester, ulio karibu, walifuma vitambaa vyepesi na vya bei nafuu zaidi, na kitambaa kizito cha Lavenham kikakosa wanunuzi. Wenyeji hawakuwa tena na fedha za kubomoa nyumba za baba zao na kujenga kwa mtindo mpya, wakabaki wakizikarabati zile zile, na kwa njia hiyo mji ukavuka karne nne ukiwa na sura ile ile. Nyumba zake nyingi zimeinama kwa sababu mafundi wa zamani walitumia mbao mbichi ambazo zilijipinda kadiri zilivyokauka. Hali inayofanana na hiyo iliikumba Cotswolds pale viwanda vya Yorkshire, vilivyoendeshwa kwa makaa ya mawe, vilipoinyang'anya biashara ya vitambaa. Mgeni anapoistaajabia miji hii, ni haki akumbuke kwamba anachokiona ni matokeo ya neema iliyofuatwa na dhiki ya muda mrefu.

Watawa na wachungaji wa kaskazini

Yorkshire ina mji wa York, ambao Warumi waliuanzisha mwaka 71 na ambako Konstantino alitangazwa kuwa mfalme wa Warumi mwaka 306. Kuta zake za mawe, zenye urefu wa zaidi ya kilomita tatu, zinaruhusu mtu kuuzunguka mji akitembea juu yake bila malipo, na kanisa lake kuu, lililojengwa kuanzia karibu mwaka 1220 hadi 1472, lina dirisha la mashariki la vioo vya rangi lililotengenezwa na John Thornton kati ya mwaka 1405 na 1408, ambalo ni miongoni mwa madirisha makubwa zaidi ya aina hiyo yaliyobaki tangu karne za kati.

Karibu na mji wa Ripon, kaskazini-magharibi mwa York, kuna magofu ya Fountains Abbey, nyumba ya watawa iliyoanzishwa mwaka 1132. Watawa hao walikuwa wa shirika la Cistercian, lililosisitiza kazi za mikono na maisha ya mbali na miji, na kwa kutumia mabradha walioshughulikia mashamba wakawa wazalishaji wakubwa wa sufu, wenye malisho yaliyofika hadi Lake District. Mfalme Henry VIII, alipovunja uhusiano na Papa, aliamuru nyumba zote za watawa zifungwe na mali zao zitwaliwe, na Fountains ikafungwa mwaka 1539. Kuta zilizobaki, pamoja na bustani ya maji ya karne ya 18 iliyo kando yake, zimekuwa Urithi wa Dunia tangu mwaka 1986.

Lake District ni nchi ya maziwa marefu na milima ya mawe, ukiwamo Scafell Pike, mlima mrefu kuliko yote katika Uingereza yenyewe (England), wenye mita 978. Mshairi William Wordsworth, aliyeishi katika kijiji cha Grasmere, ndiye aliyewafundisha wasomaji wake kuiona milima hiyo kama hazina badala ya nyika ya kuogopwa. Beatrix Potter, mwandishi wa vitabu vya watoto, alitumia mapato ya vitabu vyake kununua mashamba ya huko, akafuga kondoo wa asili waitwao Herdwick, na alipofariki mwaka 1943 aliacha zaidi ya ekari 4,000 mikononi mwa shirika la uhifadhi. Kondoo hao hulishwa juu ya milima isiyo na uzio, nao hawapotei, kwa kuwa kila mwanakondoo hujifunza mipaka ya malisho kutoka kwa mama yake. UNESCO ilipolitambua eneo hili mwaka 2017, ilizingatia pia kazi hiyo ya wachungaji, wala haikuangalia milima na maji peke yake.

Sheria na haki ya kupita

Uzuri huo haukulindwa na umaskini tu. Mwaka 1877 msanii William Morris alianzisha chama cha kulinda majengo ya kale, akitetea msimamo kwamba jengo kongwe likarabatiwe bila kufanywa jipya, na mwaka 1895 likaanzishwa National Trust, shirika la hiari linalomiliki nyumba, mashamba na fukwe kwa niaba ya umma. Leo nyumba yenye thamani ya kihistoria huandikwa katika orodha rasmi, na mwenye nyumba hawezi kuibomoa wala kuibadilisha sura bila kibali.

Haki ya kutembea mashambani nayo ilipiganiwa. Mwaka 1932 mamia ya watu, wengi wao vijana wafanyakazi wa Manchester, waliingia bila idhini katika mlima wa Kinder Scout uliotengwa kwa ajili ya uwindaji wa matajiri, na watano kati yao wakafungwa jela. Mwaka 1949 Bunge lilipitisha sheria ya hifadhi za taifa, na mwaka 1951 eneo la Peak District, lenye mlima huo, likawa hifadhi ya kwanza. England na Wales kwa pamoja zina zaidi ya kilomita 200,000 za njia za umma, nyingi zikikatiza mashamba ya watu binafsi, na mgeni ana haki ya kuzipita sawa na mwenyeji, mradi ayaache mageti kama alivyoyakuta, amfunge mbwa wake kamba karibu na mifugo, na asiache taka.

Maandalizi ya safari

Wenye pasipoti za Kenya, Tanzania na Uganda wanahitaji viza kabla ya kusafiri. Miezi ya Mei hadi Septemba ndiyo bora, kwani mwezi Juni jua huzama baada ya saa tatu usiku, ilhali mwezi Desemba giza huingia kabla ya saa kumi na moja jioni; hata hivyo, koti la mvua na viatu imara vinahitajika majira yote. York na Bath hufikika kwa treni ya moja kwa moja kutoka London kwa muda wa saa mbili au pungufu, na kituo cha Moreton-in-Marsh ni lango zuri la kuingilia Cotswolds. Lavenham haina kituo cha reli, hivyo hufikika kwa basi au gari. Magari hupita upande wa kushoto, kama ilivyo Afrika Mashariki, ingawa barabara nyingi za vijijini ni nyembamba na hulazimu dereva mmoja kusubiri mwingine apite.

Mwenye siku chache asijaribu kuyamaliza maeneo yote manne. Achague moja, alale katika mji mdogo badala ya kupita mchana tu, aingie kanisani, aulize paa limetengenezwa kwa kitu gani, anunue chakula kwa wenyeji, kisha atembee kwa miguu hadi kijiji kinachofuata. Safari ya namna hiyo humnufaisha mgeni kwa maarifa, na huwanufaisha wenyeji kwa kipato kinachowawezesha kuendelea kuitunza miji na mashamba waliyorithi.