Projekta Kuukuu Zatafutiwa Makao Mapya

Mwaka jana niliitwa katika mji mmoja wa pwani kutazama projekta mbili za filamu ya milimita 35, zilizoachwa katika jumba la sinema ambalo sasa ni ghala la saruji. Mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa amekwisha kutaja bei yake kwa kilo. Mzee aliyeziendesha mashine hizo tangu ujana wake alisimama kando, kisha akaniuliza, "Mwalimu, nyinyi huko chuoni hamna nafasi?"

Swali hilo si jepesi kama lisikikavyo. Ili tulijibu, yatupasa kwanza kujua ni kitu gani hasa kinachotafutiwa makao.

Filamu haipiti mbele ya taa kwa mwendo mfululizo, kama wengi wadhanivyo. Kila sekunde picha 24 husimama, moja baada ya nyingine, mbele ya lenzi. Kazi hiyo hufanywa na kipande cha chuma kiitwacho msalaba wa Malta, chenye mifuo minne. Gurudumu lenye kijiti huzunguka daima. Kijiti kinapoingia katika mfuo, msalaba hugeuka robo ya mzunguko na kuivuta filamu milimita 19, kisha hutulia hadi kijiti kirudi. Katika muda huo wa kuvuta, ambao ni takriban sehemu moja ya mia ya sekunde, kikinga mwanga huziba taa ili mtazamaji asione mvuto huo. Kikinga hicho huwa na mabawa mawili, hivyo kila picha humulikwa mara mbili, na jicho halisumbuliwi na kumetameta.

Msalaba huo huogelea katika mafuta ndani ya kisanduku chake. Vumbi la saruji likiingia humo, mashine iliyodumu miaka hamsini huharibika kwa saa chache. Ndiyo sababu nilimsihi mwenye ghala asiwashe chochote. Kwa bahati mbaya lenzi za mashine moja zilikuwa zimekwisha kuuzwa peke yake, na hapo ndipo hasara kubwa ilipo: projekta iliyotenganishwa na vipuri vyake ni kasha zito tu.

Wenzetu wa Marekani walilijua hili mwaka 2015, filamu ya "The Hateful Eight" ilipotolewa kwa upana wa milimita 70. Iliwabidi kukusanya projekta za zamani, kuzikarabati na kuzifunga katika majumba yapatayo 100. Mashine zilizohifadhiwa pamoja na vipuri vyake zilirudi kazini, ilhali nyingine zilivunjwa ili kuziponya zenzake.

Ahamishaye mitambo hii na ajihadhari. Taa ya zenoni ina gesi yenye kanieneo kubwa hata ikiwa baridi, nayo yaweza kupasuka mkononi. Mitambo ya kugeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu, iliyolisha taa za vijiti vya kaboni, pengine ina chupa ya kioo yenye zebaki. Na nyaya za nyumba ya taa aghalabu zilifungwa kwa asbesto. Tena, filamu za kabla ya miaka ya 1950 huenda ni za nitrati, ambayo ikishika moto huendelea kuwaka hata ikizamishwa majini.

Projekta ndogo za milimita 16 zina bahati zaidi. Ndizo za ukoo wa zile zilizotumika vijijini katika jaribio la sinema ya elimu lililoendeshwa kutoka Vugiri, Tanganyika, kati ya 1935 na 1937. Hubebeka na mtu mmoja, na kwa maoni yangu makao yake bora ni maabara ya fizikia ya shule ya sekondari: humo mna lenzi, kioo mbonyeo, gia, na sauti inayosomwa kwa mwanga.

Na zile mbili za pwani? Ile isiyo na lenzi imepokewa na chuo cha ufundi, ambako imefunguliwa ubavu ili wanafunzi wauone msalaba ukigeuzwa kwa mkono. Ya pili ingali ghalani, imefunikwa turubai. Mzee huenda kila Ijumaa baada ya sala kuizungusha kwa mkono, asije mafuta yakaganda, nami sijapata bado chumba chenye sakafu ya kuihimili.