Gari likichemsha mlimani, mfuniko wa rejeta usiuguse

Kutoka Mbamba Bay kwenda Mbinga, barabara inaliacha ziwa na kupanda milima. Hapo ndipo gari la zamani hutoa siri yake: mshale wa joto unapanda. Egesha, zima injini, watoto wakae mbali. Mfuniko wa rejeta usiuguse mpaka injini ipoe kabisa. Maji ya moto hufyatuka hadi usoni.

Mshale ukipanda mlimani tu, shuku rejeta iliyoziba au maji yaliyopungua. Ukipanda gari likiwa limesimama huku injini inanguruma, kagua feni. Oili ina rangi ya chai ya maziwa? Maji yameingia humo, usiwashe tena.

Aliyeungua amwagiliwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha awahishwe kituo cha afya. Dawa ya meno msimpake, hata bibi akisisitiza.