Kesho kutwa mwanangu anaingia majini

Leo Ijumaa niko Toronto, sebuleni kwa binti yangu, na pa kuweka kikombe cha chai sina. Meza imejaa tairi la akiba, pampu, helmeti, viatu jozi mbili, vidonge vya chumvi, na tende nilizomletea mwenyewe kutoka Muscat. Jumapili, Agosti 3, 2025, ana mashindano ya Ironman mjini Ottawa, kiasi cha kilomita 450 kutoka hapa. Ataogelea kilomita 3.8, apande baiskeli kilomita 180, halafu akimbie marathoni nzima, kilomita 42.2. Yote hayo siku moja! Kwa kawaida mtu hupewa saa 17, na akichelewa huondolewa njiani.

Dada zangu wameshanipigia simu mara tatu. "Mwanamke mzima, ana watoto wawili, kuogelea huko kwa haja gani?" Swali la haki, wallahi. Hata mie nilimuuliza.

Akanijibu: "Mama, umeisahau Spice Islander?"

Nani kati yetu ameisahau? Septemba 2011 meli ile ilizama usiku, ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejaza watu kupita kiasi. Walikufa mamia, wanawake na watoto wengi mno. Sisi tumezaliwa tumezungukwa na bahari, lakini mtoto wa kike akishakua kidogo, pwani marufuku. Mamangu alinitoa majini nina miaka 11. Nami nikamtoa mwanangu vilevile, wala sikujiuliza kwa nini. Nimesomesha hesabu miaka mingi, sekondari ya misheni, lakini hesabu hiyo sikuipiga.

Yeye alijifunza kuogelea ukubwani, hapa Toronto, kwenye bwawa la mtaa, pamoja na watoto wa miaka sita. Nikaona kaja kupotea ugenini, kumbe Nungwi nako Panje Project wanawafundisha wasichana kuogelea, wamevaa nguo za kuwasitiri mwili mzima.

Jana alinipeleka ufukweni, Ziwa Ontario, kuogelea mara ya mwisho kabla ya safari. Akanionyesha bustani yenye jina la Marilyn Bell. Binti huyo wa Toronto alikuwa na miaka 16 tu alipovuka ziwa hili, Septemba 1954, akitokea upande wa Marekani. Alikaa majini karibu saa 21, na hakuna aliyekuwa amelivuka kabla yake. Nilitazama maji yale, ng'ambo haionekani, nikasema moyoni kilomita 3.8 si nyingi. Kisha mwanangu akaingia, kichwa kikawa kidogo kama nazi inayoelea, nikaanza kusoma kila dua ninayoijua.

Vazi lake la kuogelea ni la mpira, linaanzia shingoni mpaka kwenye vifundo vya miguu. Dada zangu wasiwe na shaka: kulivaa tu ni dakika kumi za kuvutana, na mie ndiye niliyemfunga zipu mgongoni.

Siku hizi za mwisho, nilidhani atajitesa zaidi. Kumbe mazoezi hupunguzwa, mwili upumzike. Anakula wali kwa wingi, analala mapema. Sharti lake moja ni kwamba siku yenyewe hakuna kitu kipya: si kiatu, si soksi, si chakula. Kila kitu kiwe kimeshajaribiwa. Tende amezijaribu baiskeliani miezi mingi, zinampa nguvu na tumbo halimsumbui. Biriani yangu imekataliwa mpaka Jumatatu.

Kesho tutakuwa Ottawa. Atakabidhi baiskeli na mifuko miwili, mmoja wa vitu vya baiskeli, mmoja wa mbio. Nimeikagua yote miwili kwa orodha, kama nilivyokuwa nikikagua madaftari.

Usiku wa jana alikuja chumbani kwangu, akakaa kitandani. "Mama, naogopa." Nikamwambia mie naogopa zaidi, lakini nitasimama pale pale ukingoni mpaka nimwone anatoka majini. Alicheka, akaenda kulala.

Amepanga kutumia saa 15. Akifika, itakuwa usiku hapa, na nyie Muscat mtakuwa mnaamka Jumatatu. Simu zenu msizizime.